Mizani Mbili za Mitambo ya Moto

Sifa ya kwanza ya mtambo machoni pa watu ni nguvu. Aonaye kichwa cha gari la moshi kikivuta mabehewa mlimani, au meli ikipasua mawimbi, huuliza upesi: mtambo huu una nguvu za farasi wangapi? Swali hilo ni jema, lakini ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: katika joto lote ambalo mtambo umelishwa, ni sehemu gani iliyorudi kwetu kuwa kazi, na ni sehemu gani iliyopotea hewani na majini? Nguvu ni kadiri ya kazi itendwayo kwa muda fulani. Ufanisi ni uwiano wa kazi iliyopatikana na joto lililotumika. Vibarua wawili waweza kulima sehemu iliyo sawa kwa siku moja, mmoja akala kibaba na mwenzake akala pishi. Kwa jembe wako sawa. Kwa ghala hawako sawa hata kidogo.

Mizani hizi mbili hazikuzaliwa siku moja, wala hazikuzaliwa kwa haja moja. Historia yake yafaa kujulikana, kwa kuwa mpaka leo mitambo husifiwa kwa mizani moja huku ile ya pili imefichwa chini ya meza.

Mwaka 1712 Thomas Newcomen, mwuza vyuma wa mji wa Dartmouth, alisimamisha mtambo karibu na ngome ya Dudley, katikati ya Uingereza, ili kutoa maji katika mgodi wa makaa ya mawe. Mvuke uliingia katika silinda chini ya pistoni. Maji baridi yakarushwa ndani. Mvuke ukarudi kuwa maji na kuacha uwazi. Na uzito wa hewa ya nje ukaisukuma pistoni chini, hata boriti kubwa ikainua vyuma vya pampu. Mtambo ulipiga mapigo 12 kwa dakika, na kila pigo lilitoa galoni 10 za maji kutoka kina cha futi 153. Galoni 10 za maji zapata ratili 100. Basi kila dakika ratili 1,200 zilipanda futi 153, na kazi hiyo ni sawa na nguvu za farasi watano na nusu.

Kwa watu waliozoea kuzungusha farasi mchana na usiku juu ya mgodi, hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini ndani ya silinda mlikuwa na hasara isiyoonekana. Kila pigo chuma kilipashwa moto na mvuke, kisha kikapozwa na maji, kisha kikapashwa tena. Na sehemu kubwa ya mvuke iliishia katika kukipasha chuma hicho. Joto lililogeuka kazi halikufika hata sehemu moja katika mia. Nani alilalamika? Pale Dudley hapakuwa na wa kulalamika. Mtambo ulikaa juu ya mgodi wa makaa, ukala chenga zisizo na mnunuzi. Pale ambapo chakula hakina bei, mlafi hajulikani.

Alijulikana Cornwall. Nchi hiyo ni pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, yenye shaba na bati kwa wingi, lakini haina makaa ya mawe. Makaa yalikuja kwa majahazi kutoka kusini ya Wales, na yalipofika mlangoni mwa mgodi yalikuwa yamekwisha kubeba nauli ya baharini na ya nchi kavu. Mwenye mgodi wa Cornwall hakutaka kujua tu kama maji yametoka. Alitaka kujua yametoka kwa makaa mangapi. Katika haja hiyo ikakua hesabu ambayo kwa lugha yao iliitwa wajibu wa mtambo: ni ratili ngapi za maji zimeinuliwa futi moja kwa busheli moja ya makaa. Na aangalie msomaji kwamba katika hesabu hiyo hamna saa. Mtambo uliofanya kazi kwa siku moja na mtambo uliofanya kazi ile ile kwa juma zima waweza kuwa na wajibu ulio sawa. Hapo ufanisi uliachana na nguvu, ukapata mizani yake wenyewe.

Mmoja wa waliotumia mizani hiyo kwa uangalifu alikuwa John Smeaton, injinia aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone. Mwaka 1769 alikusanya hesabu za mitambo 15 ya upande wa Newcastle, akaona kwamba wastani wa wajibu wake ni kama ratili milioni 5 na nusu. Smeaton hakuvumbua kanuni mpya. Alipima, akabadili kitu kimoja baada ya kingine, akapima tena. Na mtambo aliousimamisha Long Benton mwaka 1772 ulipita milioni 9. Bila ya uvumbuzi wowote mkubwa, kupima peke yake kulikaribia kuzidisha faida mara mbili.

James Watt alikwenda kwenye chanzo cha hasara yenyewe. Mwaka 1765, huko Glasgow, alipata fikira ya kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni, ili silinda ibaki na moto daima na chombo hicho kibaki na baridi daima. Alipata hati ya haki ya uvumbuzi mwaka 1769, na alipoungana na Matthew Boulton mwaka 1775, Bunge liliiongeza haki hiyo mpaka mwaka 1800. Mtambo wake ulifanya kazi ya mtambo wa Newcomen kwa makaa yasiyofika nusu. Lakini jambo la kuangaliwa zaidi ni jinsi walivyotoza malipo. Kwa wenye migodi ya Cornwall, Boulton na Watt walidai theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa, yakilinganishwa na yale ambayo mtambo wa zamani ungekula. Ufanisi, ambao leo ni somo la darasani, siku hizo ulikuwa mkataba wa fedha.

Walipokwenda kwa wenye viwanda vya pombe na vinu vya nafaka, mkataba huo haukufaa. Huko hapakuwa na mtambo wa zamani wa kulinganisha nao. Palikuwa na farasi. Kwa hiyo Watt alipima kazi ya farasi, na kufikia mwaka 1783 akakata hesabu kwamba farasi mmoja ni sawa na kuinua ratili 33,000 futi moja kwa dakika. Mteja wa namna hii alilipa kila mwaka kwa hesabu ya farasi: paundi 5 kwa kila mmoja nje ya London, na paundi 6 ndani yake. Basi mtu yule yule alikuwa na mizani mbili mkononi, na kila mteja alipimiwa kwa ile iliyogusa haja yake. Mwenye kukosa makaa alinunua ufanisi. Mwenye kukosa farasi alinunua nguvu.

Watu wa Cornwall walilipa kwa manung'uniko mengi, na wengine walijaribu kuikwepa haki ya Watt mpaka wakafikishwa mahakamani. Haki hiyo ilipokwisha mwaka 1800, Boulton na Watt waliondoka, na mitambo ikaachwa bila uangalizi mwema. Ndipo mwaka 1811 wenye migodi walipokubaliana kumweka Joel Lean aikague mitambo yao na kutoa taarifa kila mwezi. Taarifa hiyo ilitaja kila mtambo kwa jina, upana wa silinda yake, makaa uliyokula na wajibu wake. Yaliyokuwa siri ya fundi mmoja yakawa mbele ya macho ya wote, na mashindano yakaanza. Richard Trevithick na Arthur Woolf walileta mvuke wenye shinikizo kubwa. Mafundi wakazoea kuufunga mlango wa mvuke kabla pistoni haijamaliza safari yake, ili mvuke uliokwisha kuingia ujitanue na kusukuma bila kuongezewa. Wakafunika silinda na mabomba ili joto lisitoroke. Wajibu wa wastani, ambao ulikuwa chini ya milioni 20 taarifa zilipoanza, ulipita milioni 50 katika miaka ya 1840. Katika jaribio la mwaka 1835 mtambo wa mgodi wa Fowey Consols, kazi ya William West, ulifika milioni 125.

Msomaji apendaye kuzigeuza hesabu hizi ziwe sehemu katika mia na atazame hivi. Ratili moja ya makaa mazuri ina joto ambalo, lau lote lingegeuka kazi, lingeinua karibu ratili milioni 11 futi moja. Busheli ya Cornwall, yenye ratili 94, yapata basi milioni 1,000. Kwa hiyo wajibu wa milioni 125 ni kama sehemu 12 katika mia, ambapo mitambo aliyoihesabu Smeaton haikufika sehemu moja. Hata hivyo mizani hii nayo ilikuwa na upofu wake. Taarifa hazikupima maji yaliyotoka. Zilihesabu mapigo na kuyazidisha kwa ukubwa wa pampu, na pampu iliyovuja ilisifiwa sawa na pampu nzima. Na mitambo hiyo iliyosifika ilikuwa mikubwa mno na ya polepole mno. Silinda ya Fowey Consols ilikuwa na upana wa inchi 80. Mtambo wa namna hiyo wafaa kukaa mahali pamoja na kutoa maji. Hauwezi kupanda juu ya magurudumu.

Habari za Cornwall zilivuka bahari na kufika Ufaransa, na huko zilimkuta kijana aliyeuliza swali ambalo mafundi hawakuliuliza. Sadi Carnot, mwana wa jenerali Lazare Carnot, alichapisha mwaka 1824 kitabu kidogo juu ya nguvu ya moto ya kuendesha mitambo, na mitambo ya Cornwall yenye mvuke wa shinikizo kubwa imetajwa humo. Mafundi waliuliza: tutaongezaje wajibu? Carnot aliuliza: je, kuna mwisho? Alijibu kwamba mwisho upo. Kama maji yasivyoweza kuzungusha gurudumu pasipo kuanguka kutoka juu kwenda chini, ndivyo joto lisivyoweza kufanya kazi pasipo kuteremka kutoka penye moto kwenda penye baridi. Na mpaka wa faida yake hauamuliwi na mvuke wala hewa wala spiriti, bali na kiasi cha joto la juu na cha joto la chini. Carnot alidhani kwamba joto ni kitu kisichopungua kipitapo katika mtambo, na katika hilo alikosea. Rudolf Clausius na William Thomson walilisahihisha karibu na mwaka 1850. Lakini nguzo ya neno lake haikutikisika. Yeye mwenyewe hakuiona heshima hiyo, maana alikufa kwa kipindupindu mwaka 1832, akiwa na umri wa miaka 36.

Sheria yake, kama ilivyotengenezwa na waliomfuata, yaweza kusemwa kwa maneno machache. Hesabu joto kutoka sifuri halisi, iliyo nyuzi 273 chini ya sifuri ya Sentigredi. Toa joto la chini katika joto la juu. Kisha gawanya baki hiyo kwa joto la juu. Mvuke wa nyuzi 100 ukipozwa mpaka nyuzi 30, tuna 373 na 303. Tofauti ni 70. Na 70 kwa 373 ni kama sehemu 19 katika mia. Basi hata malaika angalishika usukani wa mtambo wa Newcomen, sehemu 81 zingalipotea. Hapa twajifunza kupambanua hasara mbili. Ile ya sehemu 81 ni deni la maumbile, wala hakuna fundi awezaye kulisamehewa. Ile iliyobaki, kutoka 19 mpaka chini ya moja, ni deni la ufundi, na hilo ndilo Smeaton, Watt na watu wa Cornwall waliloanza kulilipa. Kumlaumu fundi kwa deni la kwanza ni dhuluma. Kumwachilia deni la pili ni uzembe.

Kama joto la juu ndilo liamualo, njia ya faida ni kulipandisha. Rudolf Diesel alianza safari yake katika fikira hiyo. Mwaka 1893 alitoa kitabu kilichoahidi mtambo ambao ungeshindilia hewa mpaka hewa yenyewe iwake moto, ndipo mafuta yaingizwe. Ahadi zake zilizidi uwezo wa chuma, akalazimika kuzipunguza kwa miaka ya majaribio huko Augsburg. Tarehe 17 Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich aliupima mtambo: nguvu zake zilikuwa kama za farasi 18 tu, lakini ufanisi wake ulifika sehemu 26 katika mia, kiasi ambacho mitambo ya mvuke ya siku hizo haikukifikia. Kwa mizani ya nguvu, mtambo ule ulikuwa mtoto. Kwa mizani ya ufanisi, ulikuwa bingwa.

Lakini tusidhani kwamba bingwa wa mizani hiyo ndiye afaaye kila mahali. Mtambo wa Diesel ulikuwa na uzani wa tani kadhaa. Miaka sita baadaye, Desemba 1903, ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walipaa huko Marekani kwa mtambo wa petroli wenye nguvu za farasi 12 na uzani wa kama ratili 200. Lau wangalichagua kwa ufanisi peke yake, wasingaliondoka mchangani. Kwa arukaye, swali halikuwa mafuta kiasi gani kwa kazi, bali nguvu kiasi gani kwa uzani.

Mfano mwingine ni mtambo wa gesi uliowekwa na kampuni ya Brown Boveri katika mji wa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1939, kuzalisha umeme wa dharura. Tabo yake ilitoa kilowati 15,400 hivi, lakini 11,400 katika hizo zililiwa na mashine ya kushindilia hewa ya mtambo wenyewe, zikabaki 4,000 kwa mji. Ufanisi ulikuwa kama sehemu 17 katika mia. Haikuwa aibu, kwa kuwa mtambo wa akiba hufanya kazi saa chache. Baadaye watu walijifunza kuchukua moshi wa moto wa mitambo kama hiyo na kuchemshia maji ya mtambo wa pili. Na kwa ndoa hiyo kituo cha Bouchain, Ufaransa, kilipita sehemu 62 katika mia mwaka 2016.

Je, hatuwezi kupata vyote viwili, nguvu zote na ufanisi wote? Sheria ya Carnot yenyewe yakataa. Ili ufanisi ufike mpaka wake, joto lazima lipite kutoka kwenye moto hadi kwenye mtambo bila tofauti yoyote kati yao. Na joto lisilosukumwa na tofauti hupita kwa muda usio na mwisho. Mtambo uliokamilika kwa ufanisi basi hauna nguvu yoyote: hufanya kazi yote, lakini haimaliziki. Katika mwaka 1957 baadhi ya wataalamu wa vituo vya nguvu, na mwaka 1975 F. L. Curzon na B. Ahlborn, walihesabu ufanisi wa mtambo uendeshwao ili utoe nguvu nyingi kabisa. Jibu lao, badala ya uwiano wa majoto mawili, lina kipeuo cha pili cha uwiano huo. Kwa kituo cha makaa cha West Thurrock, Uingereza, chenye nyuzi 565 juu na 25 chini, Carnot angaliruhusu kama sehemu 64 katika mia; hesabu mpya ilitoa 40; na kituo chenyewe kilipata 36. Wahenga wetu walikwisha kuzipanga mizani hizi bila hesabu. Walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Na walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtambo mwema hukaa kati ya methali hizi mbili.

Afrika ya Mashariki iliuona mvutano huu katika reli yake. Mwaka 1955 na 1956 ilipokea kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester vichwa 34 vya mvuke vya namna ya Garratt, vilivyoitwa daraja la 59 na kupewa majina ya milima. Kila kimoja kilikuwa na uzani wa tani 252, na kwa reli ya mita moja hapakuwa na mvuke wenye nguvu kuvipita. Vilichoma mafuta mazito, vikavuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya futi 5,000 juu. Ambaye angalipima kwa nguvu tu, angaliona kwamba hapana la kuongeza. Lakini kichwa cha mvuke hutupa mvuke wake hewani ungali na moto, na katika joto la mafuta yake mara chache hurudisha zaidi ya sehemu 8 katika mia. Vichwa vya dizeli vilivyoanza kuwasili mwaka 1960 havikuwa na umbo la kushangaza, wala kimoja hakikuzidi Garratt kwa kuvuta. Lakini vilirudisha robo ya joto au zaidi, wala havikuhitaji maji njiani. Kufikia mwaka 1980 milima ile ya chuma ilikuwa imekwisha kuondoka njiani. Mount Gelai na Mount Shengena zimebaki katika jumba la makumbusho ya reli, Nairobi.

Liko neno moja la kuonya. Mwaka 1865 William Stanley Jevons aliwaonyesha Waingereza kwamba mitambo yenye kula makaa machache haikupunguza makaa yaliyochimbwa, iliyaongeza. Kazi ilipokuwa rahisi kwa bei, watu waliongeza mitambo. Ufanisi wahesabu makaa kwa kila kazi, wala hauhesabu kazi zenyewe zitakuwa ngapi. Leo, moshi wa mitambo yote umekuwa hatari kwa hali ya hewa ya dunia nzima, na onyo hilo lina uzito kuliko siku lilipotolewa.

Carnot alimaliza kitabu chake kwa busara ambayo wengi wamtajao hawaikumbuki. Alisema kwamba kuokoa kuni na makaa ni sharti moja tu miongoni mwa masharti ya mtambo, na mara nyingi si la kwanza. Kuna usalama, uimara, maisha marefu, nafasi ndogo na gharama ya kuujenga. Mtu aliyegundua mpaka wa ufanisi hakuufanya ufanisi kuwa mungu. Basi mwanafunzi anayeletewa sifa za mtambo, na mtaalamu anayeulizwa na serikali au na wenye mali, na waulize maswali yote mawili, kisha waongeze la tatu: nani atalipa mafuta, na kwa muda gani? Jibu la swali hilo ndilo lililoitenga Cornwall na Dudley, na ndilo lililowaondoa Garratt njiani.